Sura ya Saba: Kima cha Bunduki ya Urithi

Mtu wa pwani ya Kusini afapo, awe ni wa Kilwa Kivinje au wa Lindi, wa Sudi au wa Mikindani, aghalabu mali yake hujulikana na majirani kabla ya matanga kuondolewa: minazi yake imehesabiwa, kiwanja chake kina mipaka, na deni lake, likiwapo, lina mashahidi. Lakini katika nyumba zisizo chache hutokea kitu kimoja ambacho warithi hutazamana juu yake wasijue wakitie katika fungu gani, nacho ni bunduki kongwe iliyoviringwa kitambaa na kulazwa darini, ambayo marehemu aliipokea kwa baba yake au kwa mjomba wake, na ambayo hakuna aliye hai aliyepata kuisikia ikilia. Mmoja husema kwamba ina thamani kubwa kwa kuwa ni ya zamani. Wa pili husema haina thamani hata chembe kwa kuwa imeliwa na kutu. Na wa tatu, ambaye huenda ndiye mwenye busara kuwapita wenziwe, huuliza kama kuwa nayo tu si hatia.

Sura hii imekusudiwa kuwajibu wote watatu. Jibu langu kwa wawili wa kwanza ni kwamba kima cha bunduki ya urithi hakimo katika chuma chake wala katika umri wake, bali katika ushahidi unaofuatana nayo. Na kwamba jamaa wanaoiuza kabla ya kuuandika ushahidi huo huwa wameuza nusu iliyo hafifu na kuitoa bure nusu iliyo bora. Jibu langu kwa wa tatu litakuja mahali pake, nalo si la kupuuzwa, kwa maana bei isiyotanguliwa na idhini ni mtego wenye sura ya faida.

Amma jambo la kwanza kabisa halihusu fedha, lahusu roho za watu. Bunduki ya kale na ichukuliwe kuwa ina baruti ndani yake mpaka ithibitike kwamba haina. Bunduki za kushindiliwa kwa mdomoni zilikuwa zikitiwa baruti jioni kwa hofu ya chui au kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakifukua mihogo, na mwenyewe asipopata sababu ya kuilipua aliiacha vivyo hivyo, kwa kuwa kuutoa ushindilizi ni kazi kubwa kuliko kuuweka. Na baruti nyeusi, ikihifadhika na unyevu, haisahau kazi yake kwa kupitiwa na miaka mia. Fundi hutambua kwa kuuteremsha mdeki ndani ya mtutu mpaka ugote, akautia alama penye mdomo, kisha akaulaza ubavuni mwa mtutu aone kama ulifika mwisho au ulizuiwa njiani. Hata hivyo mrithi asijaribu kuchokonoa kwa msumari au kwa waya wa moto, wala asivute kifyatulio kwa mchezo mbele ya watoto; kazi ya kuitazama na kuiondolea hatari ni ya watu wa silaha wa Jeshi la Polisi, ambao, kama tutakavyoona, hawaepukiki kwa vyovyote. Wala asiisugue kwa mchanga na limau ili ing'ae, kwani mng'ao huo hufuta alama ambazo ndizo lugha pekee aliyobaki nayo mtambo usio na mwenyewe. Kitambaa laini na tone la mafuta vyatosha.

Baada ya hayo yafaa kuuliza bunduki hizi zilifikaje huku, kwa sababu asiyejua njia iliyopitwa na mali hawezi kuitambua mali yenyewe. Wareno walioivamia Kilwa Kisiwani mwezi wa Julai 1505, chini ya Francisco de Almeida, walikuja na mizinga na bunduki, wakajenga ngome, na wakaihama mwaka 1512. Lakini mtu asitaraji kurithi bunduki ya zama zile, maana mti wake ni chakula cha mchwa na chuma chake ni chakula cha hewa ya bahari. Bunduki zinazopatikana majumbani zilitokana na biashara ya karne mbili baadaye. Mwaka 1776 Mfaransa Morice, mfanyabiashara wa baina ya pwani hii na kisiwa ambacho leo twakiita Morisi, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa reali 20 kila kichwa, na majahazi ya Kifaransa yaliyokuja kuwachukua watu hao yalileta pamoja na reali bunduki na baruti. Hili si jambo la kupitwa kwa haraka na mtu anayekadiria urithi wake, kwa kuwa baadhi ya bunduki za Kusini zililipwa kwa watu, na nyingine zilikwenda bara kuwateka watu wengine. Na mnunuzi mwaminifu wa vitu vya kale hutaka kuyajua hayo, si kwa kuwatahayarisha warithi, bali kwa sababu historia iliyofichwa hupunguza imani, na imani ikipungua kima hupungua nayo.

Katika karne ya kumi na tisa mlango ulipanuka zaidi. Mkataba wa biashara ambao Sultani Seyyid Said aliutia saini na Wamarekani mwaka 1833 ulisema kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake, ila katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe bila ya kizuizi. Na Kilwa Kivinje, iliyokuwa mwisho wa njia za misafara kutoka Ziwa Nyasa, ilikuwa mojawapo ya bandari hizo. Wayao walioteremka na pembe za ndovu na watumwa walipanda tena na nguo za merikani, shanga, baruti na bunduki. Ilipofika mwaka 1888, Euan-Smith, balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja, alikisia kwamba bunduki za kila namna zilizokuwa zikiingia kupitia pwani hii zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hesabu kubwa namna hiyo ina funzo lake kwa mrithi: kitu kilicholetwa kwa maelfu si adimu kwa sababu tu ni kikongwe, na moja kati ya maelfu hupata heshima pale tu inapoweza kusema ilikuwa ya nani na ilifanya nini.

Wazee wa pwani walizipanga bunduki kwa jinsi zinavyowashwa, na mpango wao hata leo ni mwanzo mwema. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka moto. Huwa na mtutu mrefu, tako jembamba, na mapete ya shaba nyeupe au ya fedha, na asili yake ni Omani na Baluchistani. Bunduki ya gumegume huwashwa kwa jiwe linalopiga chuma na kutoa cheche. Bunduki ya fataki huwashwa kwa kikofia kidogo kinachopasuka kikigongwa na nyundo ya mtambo. Hizi zote hushindiliwa kwa mdomoni, na katika mazungumzo ya kila siku huitwa magobori bila ya kubaguliwa. Baada yake zikaja bunduki za kupokea risasi kwa nyuma, kama Snider na Martini-Henry za Waingereza na Mauser za Wajerumani, na kwa hizo hukumu hubadilika, ya soko na ya sheria pia.

Mkaguzi akishajua namna ya bunduki hutafuta alama, nazo huwa katika kibati cha mtambo, ubavuni mwa mtutu karibu na tundu la moto, na wakati mwingine chini ya mtutu mahali palipofunikwa na mti. Taji pamoja na neno TOWER ni alama ya ghala la silaha la wafalme wa Kiingereza; fimbo mbili za kifalme zilizopishana chini ya taji ni alama ya nyumba ya kujaribia mitutu iliyofunguliwa Birmingham mwaka 1813; na herufi E, L na G ndani ya duara lenye umbo la yai ni alama ya Liège, mji wa Ubelgiji uliotengeneza bunduki za biashara kwa ajili ya nusu ya dunia. Zisichukuliwe kwa haraka. Mafundi wa Liège na wa Birmingham walijua kwamba mteja wa Afrika anaipenda alama ya TOWER, wakaipiga hata katika bunduki ambazo hazikupata kulala usiku mmoja katika ghala la mfalme. Kwa hiyo kibati kinaweza kudanganya, na mtutu ndio usemao kweli.

Kuna mtego mwingine mkubwa kuliko huo, nao uliwekwa na sheria ya mataifa. Mkutano wa Brussels ulimalizika tarehe 2 Julai 1890 kwa mkataba ambao, pamoja na mambo mengine, ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu yote ya Afrika iliyo baina ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake, ndani ya mpaka ambamo Kilwa na Lindi zimo, lakini ukaacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu pamoja na baruti ya kawaida. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: mitambo ambayo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuitupa zaidi ya miaka arobaini nyuma iliendelea kufuliwa kwa ajili yetu, mipya kabisa, kwa sura ya babu zake. Mrithi akiletewa bunduki ya gumegume na kuambiwa kwamba ni ya zama za Morice, na aitazame alama ya Liège. Akiona juu ya duara lile limekaa taji, basi mtutu huo haukujaribiwa kabla ya mwaka 1893, kwa kuwa taji liliongezwa mwaka huo. Alama ndogo kuliko ukucha wa mtoto huweza kukata miaka mia katika hadithi, na afadhali jamaa waione wao wenyewe kabla ya kuonyeshwa na mnunuzi.

Bunduki za Wajerumani ni fungu peke yake. Askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la kikoloni, walipewa Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, ya risasi moja moja na moshi mwingi, na hiyo ndiyo iliyosikika katika vilima vya Umatumbi vita vya Majimaji vilipoanza Nandete mwezi wa Julai 1905. Waliosimama upande wa pili walikuwa na mikuki, mishale, magobori na maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye Wadachi, yaani Wajerumani, walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka ule ule. Walioshindwa walitakiwa kusalimisha bunduki zao, na kwa hivyo gobori lililofichwa likasalia katika nyumba ya aliyepigana, likiwa na ushahidi thabiti, lina daraja ambayo gobori la kawaida halifikii, hata kama mtambo wake ni wa bei ndogo na mti wake umepasuka. Vita vya pili vya kukumbukwa, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilimwaga silaha nyingi zaidi. Mwezi wa Machi 1916 merikebu ya Kijerumani Marie iliupenya ulinzi wa Waingereza ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikashusha mizinga minne ya sentimita 10.5 na mizinga miwili ya milimani pamoja na shehena ya risasi. Na mwezi wa Oktoba 1917 yakatokea mapigano makali ya Mahiwa, ambayo baada yake jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Nchi iliyopitiwa na majeshi kwa namna hiyo haikosi kubakiwa na masalio, na ndiyo sababu Mauser zenye mwaka wa kiwanda na majina ya Amberg, Danzig au Spandau huzuka mpaka leo katika mirathi ya watu wa Lindi.

Nisiwasahau wahunzi wetu. Baada ya biashara ya nje kukatika, mafundi wa vijijini walifua magobori yao wenyewe, mengine kwa mabomba ya maji, wakayapachika mitambo iliyovuliwa katika bunduki zilizokufa. Mnunuzi wa nje huyadharau. Mtu wa makumbusho, akijua kazi yake, hayadharau, kwa kuwa yanaonyesha akili ya mikono ya hapa. Kadhalika tako lililofungwa kwa ngozi mbichi ikakaukia hapo, au lililopigwa misumari ya shaba, lisivuliwe wala lisirekebishwe kwa nia ya kuirudishia bunduki upya wake: matengenezo ya zamani ni sehemu ya nasaba ya bunduki, na matengenezo ya leo ni jeraha.

Sasa nafika kwenye ushahidi, ambao ndio uti wa sura hii. Wanazuoni wetu hawaikubali hadithi mpaka wajue fulani aliipokea kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, mpaka mnyororo ufike ukingoni bila ya pete kukatika. Na bunduki ya urithi hupimwa kwa sanadi ya namna hiyo hiyo. Mkubwa wa aila akae na karatasi, aandike jina la kila aliyeimiliki, alizaliwa wapi na lini kwa makisio, aliipataje, na ilitoka mkononi mwake kwa kufa, kwa zawadi au kwa kuuzwa. Pasipo na tarehe, na aitie tukio: kabla ya Majimaji, mwaka wa vita vya Wadachi na Waingereza, alipokuwa kijana ambaye hajaoa. Atenge waziwazi yale ambayo msimulizi aliyaona kwa macho na yale aliyoyasikia, na asiyachanganye kwa kutaka kuipamba nasaba. Kisha ahesabu vizazi. Mtu aliyezaliwa 1960 kwa baba aliyezaliwa 1925 na babu aliyezaliwa 1890 ana babu aliyekuwa kijana wa miaka kumi na mitano wakati wa Majimaji. Lakini akisema kwamba babu huyo alipigana na Wajerumani Kivinje mwaka 1888, wakati pwani ilipoinuka na maofisa wawili wa kampuni ya Kijerumani wakauawa pale, hesabu yenyewe yamkadhibisha. Bora zaidi ni karatasi: leseni ya zama za ukoloni yenye namba ya bunduki, barua ya liwali, picha ya marehemu ameishika. Hati kama hiyo huweza kuwa na kima kuliko mtambo, na mara nyingi hutupwa pamoja na takataka za sanduku siku ya kugawana nguo.

Ushahidi ukishaandikwa, swali la pili ni la milki: bunduki hii ni ya nani leo? Kwa Waislamu wa pwani mali ya marehemu hutolewa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na kinachobaki ndicho hugawanywa kwa mafungu yaliyotajwa. Bunduki haikatwi vipande. Hukadiriwa, na ama huuzwa, ama mrithi mmoja huichukua kwa kima hicho na kuwafidia wenziwe. Tuseme imekadiriwa shilingi 240,000, na marehemu ameacha mjane, wana wawili wa kiume na binti mmoja: mjane hupata thumuni, yaani 30,000; zinazobaki 210,000 hufanywa mafungu matano, kila mwana akapata 84,000 na binti 42,000. Hapa ndipo ukadiriaji wa haraka unapogeuka dhuluma, kwani ndugu aliyeitwaa kwa 240,000 akijua kwamba kuna leseni ya kale sandukuni amewapunja mjane na dada yake bila ya kuwagusa mfukoni.

Kwenda bara kidogo mambo hubadilika. Wamwera, Wamakonde na Wayao wana desturi ya asili inayofuata upande wa mama, na bunduki ya mjomba ilikwenda kwa mpwa wake, si kwa mwanawe. Aila iliyosilimu zamani huweza kuwa na bunduki iliyopita mikono miwili kwa desturi na mkono wa tatu kwa sheria ya dini, na hapo mpwa na mwana husimama wote wawili wakiwa na hoja. Mzozo huo usiachwe mpaka mnunuzi afike. Na upelekwe kwa wazee, na ukishindikana, mbele ya Mahakama ya Mwanzo, ambayo humthibitisha msimamizi wa mirathi. Na pasipo na msimamizi hakuna mwenye haki ya kuuza, wala hakuna mnunuzi mwenye akili atakayelipa.

Nimeahidi kumjibu yule mrithi wa tatu. Leseni ya bunduki ni ya mtu, haimo katika mirathi. Marehemu akifa, ruhusa yake imekufa naye, na warithi waliobaki na chombo wamebaki bila ya idhini. Sheria ya Umiliki wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeliweka jambo hili mikononi mwa Jeshi la Polisi, na mtu asijifariji kwamba uzee wa bunduki ni rukhsa. Njia iliyo salama ni moja: kwenda kituoni mapema, bila ya kuibeba njiani, kueleza kwamba imeonekana katika mali ya marehemu, na kuomba maelekezo ya kuikagua, kuihifadhi na kuiandikisha kwa atakayestahili. Mara kwa mara serikali hutangaza muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila ya kushitakiwa. Aliye na bunduki isiyo na karatasi, asipoutumia muda huo, amekataa mkono alionyoshewa.

Mlango wa pili ni wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imeufanya mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu inavyovihesabu kuwa ni masalio ya kale, na kuvifanyia biashara vitu hivyo au kuvitoa nje ya nchi hutaka kibali. Basi Mauser ya 1871 hupita mlango wa polisi, na bunduki ya gumegume au ya mrao inayodaiwa kuwa ya kabla ya 1863 na ioneshwe kwa watu wa mambo ya kale vilevile, kabla ya kufanyiwa bei. Utaona, ewe msomaji, jinsi mambo yanavyofungamana: alama ya taji la Liège tuliyoitaja si ya kuridhisha udadisi tu, kwa kuwa yaweza kuamua ni sheria ipi itakayoshika.

Baada ya milango hiyo miwili ndipo bei isemwe. Jamaa wengi hupotoshwa na ndugu aliye Maskati au London au Marekani, ambaye ameona bunduki kama yao dukani na kuwapigia simu kutaja fedha zinazotia kizunguzungu. Bei ile haivuki bahari. Marekani, bunduki iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1899 huhesabiwa na sheria kuu ya nchi kuwa ya kale, na wanunuzi wake kwa hiyo ni wengi. Hapa kwetu kila mnunuzi lazima awe na idhini, na soko lenye wanunuzi wachache halina bei ya soko lenye wengi. Hata huko nje bei hupanda na kushuka: karibu na mwaka 2003 ghala la kale la jeshi la Nepal liliuzwa kwa wafanyabiashara wa Marekani, nazo Martini-Henry na bunduki za gumegume zikatoka humo kwa maelfu, na kilichokuwa adimu kikawa cha kawaida. Mkadiriaji mwaminifu hutenga mambo matatu: uzima wa chombo, yaani kama mtambo, mtutu na mti vilizaliwa pamoja, uchache wa namna yake, na ushahidi wake. La kwanza na la pili huweza kuonekana na mgeni yeyote, na la tatu hutolewa na wenyewe peke yao.

Dalali wa mtaani hulijua hilo kuliko warithi. Hufika siku ya arobaini, akamwamkia mjane kwa adabu, akaiinua bunduki kwa vidole viwili na kusema, “Bi mkubwa, hiki ni chuma chakavu, tena cha hatari, mimi nitakuondolea mzigo, nawe upate ya kitoweo.” Kisha, akiwa amekwisha kukata bei, huuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, “Marehemu alipata kukwambia aliitoa wapi?” Swali hilo la mwisho ndilo lililomleta. Jibu lake na liwe, “Baba, hayo yameandikwa, na yako kwa msimamizi.” Akisikia habari ya msimamizi na polisi, aliyekuja kwa ghashi huondoka, na aliyekuja kwa haki hubaki.

Si lazima kuuza. Bunduki yenye nasaba ya Majimaji, au iliyoletwa na misafara ya Kivinje, hufaa zaidi katika makumbusho ya taifa kuliko katika ukuta wa tajiri, na aila inayoitoa haki yake ni kupewa stakabadhi inayotaja jina lao na habari waliyoiandika. Wengine wataiandikisha na kuibakisha. Wengine, kwa kuwa wana deni la kulipa au mtoto wa kusomesha, watauza, na hakuna aibu katika kuuza kilicho halali kwa njia ya halali. Lakini vyovyote watakavyoamua, chombo ni kimoja na warithi ni wengi, na katika mali yote ile ni maandishi peke yake yanayoweza kugawanywa bila ya fungu la mtu kupungua: kila mmoja na apewe nakala iliyotiwa saini, mjane na binti sawasawa na wana wa kiume, kabla bunduki yenyewe haijatoka mlangoni.